Ziwa liko mashariki

Maneno haya niliyasema Jumapili ukumbini, mtaa wa Rogers Park, mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili hapa Chicago. Wengi walikuwa zamu, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wetu, shikamooni. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Na ninyi watoto mliokaa sakafuni hapa mbele, hamjambo?

Naanza na swali, na nataka mnijibu kwa mikono. Nani humu ndani amezaliwa au kukulia karibu na ziwa? Nyosheni juu, msione haya. Uvira. Baraka. Kalemie. Yule mzee wa Bukavu, namwona. Goma. Rumonge. Mwanza, Musoma. Kisumu, karibuni sana. Na mimi mwenyewe ni mtoto wa Kigoma, nimekulia Kibirizi, pale mwaloni, ambako asubuhi unaamshwa na kelele za watu wanaopokea dagaa.

Haya, shusheni. Swali la pili. Nani tangu mwaka huu uanze amefika kwenye ziwa la hapa Chicago, Ziwa Michigan, akasimama akaangalia maji?

Mnaona mikono ilivyopungua?

Ndugu zangu, hapa tulipo, ukitoka mlangoni ukaelekea mashariki kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, unafika majini kabla chai uliyoiacha mezani haijapoa vizuri. Sisi ni watu wa maziwa. Tumevuka bahari, wengine wetu tumekaa kambini Nyarugusu miaka na miaka, tukaja kushushwa kwenye jiji lililojengwa ukingoni mwa ziwa. Na ziwa lenyewe hatulijui! Tunajua stesheni ya treni, tunajua duka la unga, tunajua njia ya kazini. Ziwa tunalisikia kwenye taarifa ya hali ya hewa.

Niwaambie kisa cha bibi mmoja. Mwenyewe ameniruhusu nikisimulie, ila jina lake abaki nalo. Ni mtu wa Uvira. Alikuwa amekaa mjini hapa miaka minne, barabara sita tu kutoka majini, na hajawahi kuliona ziwa. Miaka minne! Mchana analea wajukuu, jioni wanae wanarudi wamechoka, Jumapili kanisani. Siku moja mwezi wa sita nikamwambia, bibi, vaa sweta, twende. Akaniuliza, "Huko wanalipisha kiingilio?" Nikamwambia hapana. "Wanataka kitambulisho?" Hapana. Tukaenda.

Tulipofika mchangani hakusema kitu. Alivua viatu, akavipanga vizuri pamoja, akaenda hadi maji yakamgusa vidole. Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja. Akageuka akaniangalia kama mtu aliyekuta ndugu yake sokoni: "Si ya chumvi." Nikamwambia ndiyo bibi, hili ni ziwa kama letu, maji yake ndiyo yale unayokunywa bombani kila siku. Akanawa uso. Kisha akauliza maswali mawili ambayo hakuna mtu wa Chicago amewahi kuniuliza. La kwanza, "Ng'ambo ni nchi gani?" La pili, "Mbona siwaoni wavuvi?"

Ng'ambo ni jimbo la Michigan, na halionekani, ni mbali. Sisi wa Kigoma tumezoea kuona milima ya Congo ikisimama ng'ambo, na jua linazama nyuma yake. Hapa jua halizami majini, linatoka majini. Mimi lilinichanganya mwaka mzima. Lakini yule bibi alitabasamu akasema kwao Uvira jua hutoka vivyo hivyo, upande wa ziwa. Yaani alikuwa amefika nyumbani kuliko mimi.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike: ziwa liko mashariki. Daima. Ukipotea Chicago, uliza ziwa liko wapi, na hutapotea tena.

Sasa nije kwenye njia yenyewe. Kando ya ziwa hili kuna njia ya kutembea na ya baiskeli, inaitwa Lakefront Trail. Ina urefu wa maili 18, yaani kilomita kama 29, kutoka barabara ya Ardmore huku kwetu kaskazini hadi barabara ya 71 kule kusini. Ni tambarare. Nasema tambarare kwa sababu najua watu wa Bukavu na wa Bujumbura mkisikia baiskeli mnafikiria milima. Hakuna mlima! Mtoto mwenye vigurudumu vya pembeni anaweza. Mama mwenye kigari cha mtoto anaweza. Mzee mwenye mkongojo anaweza, na kila anapochoka hakosi mahali pa kukaa. Magari hayaingii, barabara kubwa ya DuSable Lake Shore Drive inapita pembeni, na sehemu nyingi unaivukia chini yake au juu yake, kwenye vivuko, bila kukimbizana na magari.

Na tangu 2018 wanaokwenda kwa miguu wametengewa njia yao na baiskeli njia yake, karibu mwanzo hadi mwisho. Zamani walichanganyikana, wakagongana sana. Leo ukiwa na watoto wadogo unatembea kwenye njia ya miguu kwa amani, ilimradi usome alama zilizochorwa chini.

Mtaniuliza, hivi vitu vizuri vya bure, nani alivileta? Mimi nilidhani ni serikali tu imeamua. Sivyo. Vilipiganiwa.

Mwaka 1836, Chicago ikiwa bado kijiji cha matope, maofisa waliokuwa wanauza viwanja ili wapate fedha za kuchimba mfereji waliandika juu ya ramani, kwenye ukanda ulio kando ya ziwa, kwamba ni ardhi ya umma, ibaki wazi milele, bila jengo wala kizuizi. Maneno juu ya ramani. Mnajua maneno ya kwenye karatasi yanavyosahaulika. Jiji likakua. Mwaka 1871 likaungua, na vifusi vya moto ule vikamwagwa ziwani, ufuo ukasogea. Sehemu ya Grant Park, ile bustani kubwa ya katikati ya jiji, leo imekaa juu ya mabaki ya mji ulioungua. Halafu watu wakubwa wakaanza kuutamani ukanda ule kwa majengo.

Akatokea mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, aliyetajirika kwa kuuza bidhaa kwa posta. Ofisi yake ilitazama ule ufuo, nao ulikuwa umejaa takataka na mabanda. Mwaka 1890 akaenda mahakamani akiwa ameshika yale maneno ya 1836. Akashtaki, akashtakiwa, akakata rufaa. Kesi zilichukua karibu miaka 20. Matajiri wenzake walimchukia, magazeti yalimsema, hata makumbusho makubwa ya Field yalitakiwa kujengwa pale katikati ya bustani naye akakataa. Mahakama Kuu ya Illinois ikampa haki, tena si mara moja. Makumbusho yale yakajengwa kusini kidogo, nje ya mipaka ile, na ufuo ukabaki wazi.

Mnataka kuona ingekuwaje bila kesi hizo? Hamhitaji kwenda mbali. Tokeni hapa mwende Sheridan Road, Edgewater. Mnayaona yale maghorofa yaliyosimama mstari mmoja, mgongo ziwani? Nyuma yake ni maji, lakini wewe wa barabarani huyaoni, unaona geti na bawabu. Ndiyo maana njia inaanzia Ardmore na haifiki kwetu Rogers Park: maghorofa yamekalia ufuo. Mahali ambapo watu hawakugombea, paliuzwa. Mahali walipogombea, pana nyasi, na mwanao anapita bure. Jiji lina maili 26 za ufuo wa umma. Sijaona mji mwingine mkubwa wenye utajiri kama huo na geti chache hivi.

Lakini wazee wangu, sitakuwa mkweli nikiishia hapo. Kuwa wazi kwenye karatasi si kuwa wazi kwa kila mtu. Ukienda kusini kwa baiskeli, ukapita barabara ya 18, ukapita madaraja ya waenda kwa miguu, unakaribia mahali ambapo zamani palikuwa ufuo wa barabara ya 29. Hapo nawaomba msimamishe baiskeli. Mshuke.

Jumapili tarehe 27 Julai 1919 lilikuwa joto kali. Vijana Weusi walikuwa wametengeneza chelezo cha mbao, wanacheza majini. Mmoja aliitwa Eugene Williams, miaka 17. Ufuo ule ulikuwa na upande wa Weusi na upande wa Wazungu, na mpaka kati yao haukuchorwa popote. Utauchora wapi, juu ya maji? Chelezo kikasogea. Mzungu mmoja alikuwa anarusha mawe kutoka ufukweni. Eugene akazama, akafa. Watu wakamwonyesha polisi aliyerusha mawe, polisi akakataa kumkamata. Fujo zikawaka mji mzima karibu wiki nzima. Wakafa watu 38: Weusi 23, Wazungu 15. Mamia walijeruhiwa, familia zikachomewa nyumba.

Nilimsimulia mwanangu habari hii tukiwa tumesimama palepale, kila mmoja ameshika usukani wa baiskeli yake. Ana miaka 12. Akaangalia maji muda mrefu, halafu akaniuliza, "Mama, mstari ulikuwa hapa au pale?" Sikuwa na jibu. Maji ni yaleyale tu, hayana alama.

Na ukiendelea hadi mwisho wa njia, barabara ya 71, unakuta jumba kubwa, South Shore Cultural Center. Hilo lilikuwa klabu ya wenye nacho, na Mtu Mweusi hakuruhusiwa kuwa mwanachama, wala Myahudi. Miaka ya 1970 idara ya bustani za jiji ikalinunua, wakazi wakapigania lisibomolewe. Leo ni la umma. Mwaka 1992 Barack Obama na Michelle walifanyia sherehe ya harusi yao humo. Nawaambia hivyo kwa sababu wengi wenu mmeniambia, "Dada, kule ni kwa watu wenye mbwa na viatu vya kukimbilia." Hapana, jamani! Kule ni kwako. Kuna watu walikaa mahakamani miaka kwa ajili yako bila kujua jina lako, na kuna kijana wa miaka 17 aliyekufa kwa sababu mtu aliamua maji yana mwenyewe. Usijinyime mwenyewe kitu ambacho sasa hakuna anayekunyima.

Sasa tuongee habari ya baiskeli.

Kwetu baiskeli ni kazi. Kigoma baiskeli inabeba mkungu wa ndizi, dumu la mawese, mgonjwa kwenye keria. Burundi vijana wanashuka milimani na magunia ya mkaa. Watu wa Goma mna chukudu, mmelichonga kwa mbao na mnabebea shehena nzima, hadi sanamu yake mmesimamisha mjini. Kwa hiyo mtu mzima kupanda baiskeli bila mzigo, haendi popote, anazunguka tu, inaonekana kama kupoteza muda. Naelewa. Na akina mama, wengi wetu hatukufundishwa kabisa. Baiskeli ilikuwa ya kaka.

Mama mmoja aliyeketi humu, ana miaka 43, alinifuata mwaka juzi akasema anataka kujifunza lakini asionekane na watoto. Tukaenda Montrose, bustani ya kando ya ziwa, mapema, kwenye nyasi, siku ya kazi. Tulishusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikakanyaga chini. Tukasema leo hakuna pedali, sukuma kwa miguu tu kama mtoto. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu akainua miguu, baiskeli ikaenda yenyewe, akapiga yowe, na watu waliokuja kuangalia ndege pale kichakani wakageuka wote na darubini zao. Maana Montrose ndege wanaohama hutua kwa mamia, na wapenzi wa ndege wako pale alfajiri. Wakampigia makofi! Leo huyu mama anakwenda kazini kwa baiskeli. Namwona anacheka. Simtaji.

Baiskeli mtapata wapi? Msinunue mpya dukani kwa mtoto atakayerefuka baada ya miezi sita. Lipo shirika la Working Bikes, linachukua zilizotupwa, linazikarabati, nyingine linauza, nyingine linatoa kwa wahitaji hapa na nchi za ng'ambo. Na zile baiskeli za buluu za kukodi, Divvy, zina uanachama wa bei nafuu kwa kipato kidogo, ila ni kwa mwenye miaka 16 na kuendelea. Mtoto chini ya miaka 12 anaruhusiwa kisheria kupita na baiskeli pembeni barabarani kwenye njia ya miguu, kwa hiyo msiogope safari ya kutoka nyumbani hadi Ardmore.

Kitu kimoja kwa sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Kwetu tunapita kushoto. Hapa ni kulia. Nyuma yako mtu atapiga kelele kwa Kiingereza kwamba anapita kushoto kwako. Hajakutukana! Anakutaarifu. Wewe baki kulia, nyooka, usiruke. Mimi mara ya kwanza niliruka kushoto, yaani palepale alipokuwa anapita, tukaanguka wote wawili. Ndugu zetu wa Congo na Burundi hili mnalo tayari, mnapita kulia tangu kwenu.

Na upepo. Hapa nisikilizeni vizuri, maana wanangu walilia kwa sababu yangu. Siku moja tulitoka Ardmore, mimi na watoto wawili, upepo wa kaskazini unatusukuma mgongoni. Tulijiona mabingwa. Pedali nyepesi kama hazipo, mdogo anaimba. Tukafika Navy Pier, lile gati kubwa la karibu na katikati ya jiji, zaidi ya kilomita 10, hata jasho hatujatoka. Tukala mihogo yetu, tukageuza. Ndugu zangu, ukuta! Upepo usoni, mchanga mdomoni, mdogo analia kwamba baiskeli imekwama, na haijakwama. Basi la mjini lina kifaa mbele cha kubeba baiskeli mbili, sisi tulikuwa na tatu. Tukatembea, tunasukuma. Tulifika nyumbani usiku.

Kwa hiyo anza kwa kuelekea upepo unakotoka. Choka mwanzoni, wakati watoto wana nguvu, urudi ukisukumwa. Na sweta, hata kama nyumbani mmefungua madirisha. Mwezi wa tano huku ndani ni joto, pale ukingoni unatetemeka.

Usipande hadi mwisho siku ya kwanza. Kilomita tatu kwenda, tatu kurudi, na chakula katikati. Ardmore hadi Montrose inatosha kabisa familia yenye wadogo. Pale kuna nyasi, kuna vyoo, kuna watu wa kila taifa wanaochoma nyama. Na kwa bibi yetu wa Uvira: wavuvi wapo, bibi. Wako bandarini pale Montrose na ndoano zao, wamekaa kwenye ndoo walizopindua, kama kwetu. Mwenye miaka 16 na zaidi akate leseni ya jimbo kwanza, chini ya hapo watoto wanavua bure.

Sasa naomba kina baba wanitazame. Jambo la maji.

Tunajisifu kwamba tumezaliwa majini. Ni kweli. Lakini ziwa hili silo letu, lina tabia yake. Mwezi wa sita bado lina baridi inayobana kifua, na kando ya magati kuna mkondo unaovuta mtu kutoka ufukweni. Mimi nimeogelea Tanganyika tangu sijaanza shule, na siku niliyojitupa pale ufuo wa Foster bila kufikiri pumzi ilikata, nikashika mchanga kwa mikono. Ogeleeni panapokuwa na waokoaji, majira ya joto, mchana. Tazameni bendera: kijani ingia, njano kuwa mwangalifu, nyekundu kaa mchangani hata kama maji yanaonekana yametulia. Mkondo ukikushika usipigane nao, elea, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke. Na watoto wetu waliozaliwa kambini au hapa mjini hawakuzaliwa majini. Wao wanafundishwa, kama tunavyowafundisha kusoma.

Nimemaliza habari, sasa mpango.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, tunakutana mlangoni stesheni ya Thorndale, treni nyekundu. Watoto chini ya miaka 7 hawalipi nauli, na Jumamosi baiskeli inaruhusiwa ndani ya treni saa zote. Tutatembea pamoja hadi majini, halafu Montrose na kurudi. Wa miguu watatangulia, wa baiskeli watafuata. Helmeti ninazo nne za watoto, atakayewahi atavaa. Yule fundi wetu wa Rumonge amekubali kuja na pampu na viraka, kwa hiyo anayejua tairi yake ina pancha aje nayo hivyohivyo. Mama wa mandazi, nakutegemea. Na bibi wa Uvira ameshaniambia atakuja, ila ameomba tumtafutie kiti cha kukunja, anataka akae karibu na wale wenye ndoano awaulize wanatumia chambo gani.